Moshi ni Moshi, Hata Ukinukia

Jumapili, 6 Julai

Daftari hili la tarehe kanipa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Fundi friji. Kapewa kazini, hana cha kuandika. Akaniambia kwa adabu zake za kuangalia sakafu, Mama, yanayokukera yaandike humu, usiyamwage sebuleni. Alidhani ananitania! Hajui kama naandika. Shule sikukanyaga, lakini marehemu mume wangu alikuwa mchora vibao, na mimi ndiye niliyemshikia ngazi na kopo la rangi. Herufi nimezijulia kwenye kuta za watu. Ndiyo maana naandika makubwa.

Haya, nayamwaga.

Mama yake Fundi ana wazimu wa udi. Asubuhi udi, jioni udi. Mapazia udi, mito udi, hata taulo la miguu lina udi. Nimempa jina la kile chombo chake cha kufukizia: Chetezo. Na binti yangu, kitinda mimba wangu, ndiye anayeishi humo, tumbo juu, mimba ya kwanza, ndani ya bomba la moshi!

Leo nimetoka bandani kwetu tunakochinja na kunyonyoa kuku moja kwa moja, beseni la maini mkononi, nikafungua mlango — puu! Machozi hayo. Nikauliza, kuna msiba? Nani kafa? Chetezo kanyoosha gauni lake lisilo hata kunyanzi moja. Karibu mkwe, nyumba ya mtu mzima lazima inukie.

Lazima! Sheria ya nani?

Binti nimemkuta kajilaza, kaelekea ukutani. Chumbani kwake ndiko moshi mzito kuliko kote. Kakohoa. Mara ya pili kakohoa. Maini hakuyagusa.

Jumanne, 8 Julai

Nimempeleka kliniki mwenyewe. Nimeaga bandani alfajiri, kabla sijashika hata unyoya. Mkunga ni msichana mdogo, lakini macho yake makavu, nimempenda. Kauliza nyumbani mnapikia nini, kuna mvuta sigara? Binti bado anameza mate, mimi nikajibu: Udi!

Mkunga akaweka kalamu chini.

Akasema, moshi ni moshi, mama, hata ukinukia. Anachovuta mama kinamfikia mtoto. Watoto wa nyumba za moshi wanaweza kuzaliwa wadogo, kifua kikawasumbua. Hakusema lazima. Alisema kwa nini mjaribu? Halafu akapima tumbo kwa utepe, akapima tena. Dogo kuliko miezi yake.

Moyo ulinidondoka. Lakini na kiburi kilinipanda, nisijidanganye humu ndani. Nimepata shahidi!

Njiani binti kanishika mkono kama zamani akiogopa mbwa. Mama, usiende kumgombeza mama.

Mama! Yule naye ni mama! Na mimi ni nani, shangazi wa mtaa wa pili?

Nimekwenda, nimegomba. Kwa heshima. Nilisimama tu katikati ya sebule na kusema yote. Chetezo kasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwangalia binti yangu, akamwangalia sana, akasema: Nimesikia.

Haya. Tutaona hayo masikio.

Ijumaa, 11 Julai

Masikio ya kikombe! Nimefika jioni na beseni langu — moshi! Tena mbichi, wa sasa hivi, haujapanda hata dari. Chumbani kwa binti vilevile, na dirisha kafunga.

Nikamwambia Chetezo, wewe ulisikia nini, na kwa masikio ya nani? Akajibu, chumba si changu, mkwe.

Chumba si chake, moshi ni wake! Mtu anakuchomea nyumba halafu anakwambia mimi sikai hapa.

Binti kanikalisha kwenye kiti cha mlangoni. Kila siku ananikalisha hapo. Anasema kuna upepo mzuri, Mama, wewe unatoka kazini umechoka. Mtoto ana adabu yule. Kakaa mbali kitandani, kajifunika pua kwa kitambaa. Moshi unamtesa, masikini, na hasemi.

Jumatatu, 14 Julai

Jumamosi na jana sikwenda. Banda lilijaa. Watu wakioana kuku ndio wanaokufa. Pipa la maji ya moto halikuzimwa, chovya, nyonyoa, tupa, chovya, nyonyoa, tupa. Vidole vimekuwa kama vya maiti wa maji.

Leo Fundi kapita kuchukua kuku. Nikamuuliza, huko hali? Akasema, shwari Mama, jana na juzi hata kiberiti hakikuwashwa.

Ahaa!

Umeona? Nisipokwenda hapafukizwi. Nikienda panafukizwa. Basi si udi wa nyumba huo. Ni udi wangu mimi! Nafukizwa kama kunguni!

Mchinjaji wetu, tunamwita Kisu, kacheka mpaka kashika ukuta. Mama Manyoya, akasema, wanakutoa kama pepo. Ukiona bado hutoki watakuletea na pilipili.

Cheka. Mimi sijatoka. Sitoki ng'o. Mimba ya binti yangu iwe uwanja wa kunifukuzia mimi? Ananichukia, anichukie kwa fimbo, asimchukie mtoto kwa moshi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekiiba.

Ndiyo. Chetezo chenyewe, si mwenyewe. Kilikuwa uani kimepoa. Cha udongo, mdomo umemeguka, cheusi kama roho yake. Nimekitia kwenye beseni, nikafunika kwa plastiki ya maini, nikaaga vizuri sana. Leo nina haraka, mkwe, tutaonana!

Pale uani nimeona jingine. Tenga limepinduliwa, juu yake nguo za mtoto. Vishati kama viganja! Vimeshanukia, vimekauka kwa moshi, vinamsubiri mtoto ambaye hata hajazaliwa. Mkunga kasema na nguo vilevile. Nimevikusanya vyote. Nimevifua kwangu mara tatu kwa sabuni ya kipande, nimeanika kwenye kamba ya mbele, watu wapite waone.

Chetezo nimekiweka chini ya kitanda changu. Kinaniangalia.

Jumatatu, 21 Julai

Naandika na kidole gumba kimefungwa kitambaa.

Nimefika — moshi. Bila chetezo! Nikainama, nikafuata pua. Chini ya kitanda cha binti yangu kuna kifuniko cha kopo la maziwa, kaa moja, na kipande cha udi kinafuka. Chini ya kitanda! Mjamzito juu, moto chini, kama chungu!

Nimekitoa kwa mikono mitupu. Nimeungua kidole gumba. Nikaenda nacho sebuleni nikamwekea Chetezo mezani, kwenye kitambaa chake cheupe. Nikamwita mchawi. Nikamwita mwanga. Nilisema umezaa mmoja tu ndiyo maana hujui uchungu, mtoto wa mwenzio kwako kuni. Majirani walitoka nje. Walete na viti!

Chetezo alikuwa mweupe midomo. Alifungua kinywa. Binti akatokea mlangoni, kashika ukuta, akasema, Mama, nakuomba. Sijui alimwambia mama yupi. Chetezo akakifunga kinywa chake. Akachukua kifuniko, akamwaga maji, tsss. Ndipo akasema taratibu: Mkwe, chetezo changu unacho wewe. Ukimaliza kukipikia kuku, nirudishie.

Hana hata haya!

Nikamfuata binti nimkumbatie. Kanisukuma. Si kwa nguvu. Kiganja tu, hapa kifuani, na uso kageuza. Akasema kichefuchefu, Mama, samahani, kichefuchefu. Moshi huo! Umemharibu mtoto wangu mpaka hataki kushikwa.

Jumamosi, 26 Julai

Kajifungua leo asubuhi. Kabla ya wakati. Wa kike.

Mdogo. Mdogo! Nimenyonyoa kuku wazito kuliko huyu.

Wamemweka chumba cha joto, kipira puani. Anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia na kutoka. Nimemwona kwa kioo. Nimemwita Kifaranga.

Mungu, mimi sikuombi vitu. Naomba hiki.

Jumatano, 30 Julai

Daktari kasema mambo yake. Mapafu hayajakomaa. Nikamuuliza ni moshi? Akasema hawezi kusema ni moshi, mama, wengine huzaliwa mapema na nyumba haina moshi, wengine wanatimiza na moshi upo. Tunachojua haumsaidii mtu.

Yeye hawezi kusema. Mimi naweza!

Chetezo alikuwa kwenye benchi la korido, kashika chupa ya chai. Safi, kama kawaida. Nikasimama mbele yake, watu wote wanaona, manesi, mfagizi, baba mmoja na maua. Nikasema: Huyu akifa, wewe ndiye uliyemfukiza. Umemfukiza kama maiti kabla hajaonja hewa ya bure.

Mfagizi aliacha kufagia.

Nilitaka anijibu. Niliyakaza mabega kabisa. Aninyooshee kidole, anirushie chupa, aniite mshamba wa kuku. Hakuna. Aliniangalia, machozi yakamshuka bila sauti, akasogea akanipa nafasi benchini. Akanimiminia chai!

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimesubiri mshindo mpaka saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Haukuja.

Chai nimeionja tone moja, sikuinywa. Niliishika tu, mikono ilikuwa baridi.

Jumapili, 3 Agosti

Kifaranga kanyonya. Mwenyewe! Kipira kimetoka.

Kwa Chetezo sijasema neno, na sisemi.

Jumamosi, 9 Agosti

Wametoka hospitali. Mimi niliwahi nyumbani kwao kabla yao, na brashi ya marehemu na mabaki ya rangi nyeusi. Nje kabisa, ukuta wa uani kando ya mlango, rangi isije ikamnukia mtoto. Nimeandika:

MOSHI MARUFUKU HUMU

Herufi za mwisho zimejibana kidogo, ukuta uliisha. Marehemu angenicheka. Lakini mtu wa upande wa pili wa barabara anasoma! Chetezo kaja na mtoto mikononi, kasoma, kasema: Imekaa vizuri, mkwe.

Mnafiki.

Ndani hakuna moshi. Mapazia yamefuliwa, mito imeanikwa, pananuka sabuni na maziwa. Na hapohapo mimi nikiwa sebuleni na aproni yangu ya plastiki nimeikunja kwapani — maana nilitoka bandani mbio — binti kamchukua Kifaranga kampeleka chumba cha ndani. Kasema kalala. Kasema mkunga kakataza watu wasimsogelee. Watu! Chetezo si mtu? Fundi si mtu? Wote wameshambeba. Mimi sijamgusa hata unyayo. Hospitali kioo, nyumbani mlango.

Nimekaa kwenye kiti changu cha upepo mzuri. Nimesikia akipiga chafya ndani. Chafya ya kuku mgonjwa. Kifua bado.

Wananilipizia. Wamekaa wameniamulia.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika polepole.

Leo maji ya pipa yalikatika bandani, nikatoka mapema. Nikapita kichochoro cha nyuma, chini ya dirisha la binti, maana kule mbele kuna matope. Dirisha wazi. Nikasikia jina langu, si jina, nikasikia "mama yangu". Mguu ukasimama.

Binti alikuwa anabembeleza. Mama, akasema, saa ya mama yangu kuja inafika. Kipande kimoja tu. Hapa mlangoni tu. Mtoto nitampeleka ndani.

Sauti ya Chetezo: Sina. Nimetupa vyote. Na ningekuwa nacho nisingekupa. Humwoni anavyovuta pumzi?

Nitatapika mbele yake, Mama.

Tapika. Kutapika si tusi.

Nilidhani nikijifungua itaisha, haijaisha. Ile harufu ya manyoya ya moto. Inaingia kabla yake. Nikiisikia tu tumbo linageuka.

Basi mwambie mama yako.

Siwezi! Nitamwambiaje Mama ananuka? Kuku hao ndio walionilea. Sare ya shule kuku, viatu kuku, kitanda hiki nilicholalia kuku. Nianzie wapi?

Basi nimwambie mimi.

Usithubutu, Mama! Uliniapia.

Chetezo akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka, si kali: Niliapa. Nimeitwa mchawi nyumbani kwangu. Nimeitwa muuaji hospitali, mbele ya mfagizi. Kifuniko cha kopo ulikiweka wewe chini ya kitanda, tusi nikala mimi. Pua ni yako, mwanangu. Mimi nitatukanwa kwa ajili yake mpaka lini?

Kifaranga akakohoa.

Nimegeuka na beseni langu. Maini nimeyaacha juu ya ukuta wa kichochoro. Paka wa watu kafaidi.

Jumapili, 17 Agosti

Sijaenda. Wakiuliza, naumwa mgongo.

Nina hasira na wote. Tuanze na binti. Mdomo ulipewa wa nini? Ulininyea, nikafuta. Ulinitapikia titini, nikapangusa nikakuwekea lingine. Na leo pua yako inaniona haya? Ungesema, Mama, nenda kaoge! Ningekutukana, ningeoga, yangekwisha. Badala yake ukaona heri uvute moshi. Ukaona heri mtoto avute.

Na Chetezo — huyu ndiye zaidi! Mtu akikutukana, mjibu! Ndio uungwana gani huu wa kumwacha mwenzio awe mbaya peke yake? Nimesimama pale koridoni kama jogoo, nawika, na yeye anajua, na ananimiminia chai. Sijawahi kupigwa vile.

Na mimi.

Kumbe udi uliwashwa kwa saa yangu ya kuja. Kila nilipokuja mbio kumtetea mtoto, ndipo mtoto alipofukizwa. Kadiri nilivyokuja zaidi ndivyo alivyovuta zaidi. Nisingekwenda kabisa angekuwa na hewa. Hilo nimelizungusha kichwani siku mbili, halina upande laini.

Asubuhi nilimuuliza Kisu. Nilisubiri amalize kuku wa mteja. Nikasema, nanuka?

Nani?

Mimi!

Akaniangalia ajue kama ni mtego. Akafuta kisu. Mama Manyoya, akasema, sisi sote tunanuka, ndiyo maana hatujuani. Mimi mke wangu ananivulisha nje, ananimwagia maji kama gari, ndio naingia. Wewe tu huna wa kukuvulisha.

Ni kweli. Marehemu alinuka tapentaini, mimi kuku, kila mmoja akidhani nyumba inanuka mwenzake. Tangu afe hakuna aliyeninusa.

Nimeoga. Sabuni ya kipande, jivu, ndimu, sabuni ya maji ya binti wa jirani yenye picha ya ua. Nimesugua mpaka kidole kilichoungua kimefunguka tena. Kisha nikanusa mkono. Sisikii kitu. Sisikii kuku, sisikii ndimu! Pua yangu imekufa siku nyingi na haikuniaga.

Nitajuaje nimetoka? Nani wa kuniambia?

Jumatano, 20 Agosti

Naandika hapahapa uani kwao, daftari juu ya magoti, nywele zinachuruzika. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya maandishi yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Jana na leo sikugusa kuku. Nimemwambia Kisu atafute mtu wa kunishikia pipa, sijui mpaka lini, asiniulize. Nimeoga kwangu. Nimevaa gauni la kanisani ambalo halijaonja banda. Nikasimama mlangoni kwangu nikaogopa. Mimi! Kama msichana wa kuposwa. Kama limebaki je? Mfupani? Nywelani? Akikunja uso mbele yangu, sasa ninapojua?

Chini ya kitanda kile chetezo kinaniangalia.

Nilijua. Mkunga kasema na nguo. Nimefua vishati vya mtu mara tatu kwa sababu hiyo. Nikajiambia mimi ni tofauti, nafukizia kwangu, mtoto hayupo, moshi utabaki huku. Kipande kidogo tu. Udi nimeomba kwa jirani. Nimepindua tenga langu la kubebea kuku, nimetandaza gauni juu, nimepuliza kaa mwenyewe, mashavu haya haya. Kidogo tu! Nikavaa. Na chetezo nikakifunga kwenye mfuko, nikirudishe kwa mwenyewe, nisiwe mwizi pia.

Nikabisha. Chetezo mwenyewe kafungua. Hajasema karibu. Pua yake ikapanda hivi, mara moja, mara ya pili. Akasogea. Akaninusa begani, waziwazi, kama mtu anayechagua nyama.

Udi? akasema. Wewe?

Nikasema kidogo tu.

Hakucheka. Angecheka ningempiga. Aliurudisha mlango nyuma yake ukabaki ufa, akanyoosha kidole ukutani. Soma.

Nimeandika mimi mwenyewe!

Basi soma, mkwe.

Nikasoma. Kwa sauti. Moshi marufuku humu. Watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka. Nikampa mfuko wake. Akaufungua, akaona mdomo ule uliomeguka, akautazama kidogo, akakitupa chetezo jalani pale kando. Kimevunjika vipande viwili. Sikutegemea. Kilikuwa cha mama yake, nimeambiwa na Fundi zamani.

Nikasema, kwa nini hukuniambia?

Akasema, kwa nini hukuniuliza? Ulinipa nafasi wapi, mkwe, kati ya mchawi na mwanga?

Sote wawili tulikuwa tunahema. Nilitaka kusema kitu kingine. Nikasema: Chai ile ilikuwa haina sukari.

Akasema: Vua.

Basi kanivulisha. Uani, nyuma ya shuka la mtoto lililoanikwa. Kanimwagia ndoo mbili, mikono yake mikavu, haina huruma, kanisugua mgongo kama sufuria iliyoungua. Huku nako, akasema. Huku nyuma ya masikio ndiko kuku wanakolala. Mkorofi! Hakuna mtu aliyenigusa mgongo tangu marehemu. Nimefumba macho, nimesingizia sabuni. Kanipa gauni lake, limefuliwa, halinukii kitu, linanibana kwapani. Nywele kasema zikauke kwanza. Mara tatu kapita kaninusa kichwa. Mara tatu: Bado.

Mimi nakaa. Nani angeamini. Nakaa kama mteja.

Ndani Kifaranga kaanza kulia. Kilio kile chembamba, halafu kikohozi, halafu kimya cha kuvuta pumzi, kimya ninachokichukia kuliko vyote, halafu tena kilio. Chetezo katoka, kainama, kaninusa nywele, kanusa na mikono, kidole kwa kidole. Hakusema bado. Hakusema tayari. Kapaza sauti: Njoo naye mlangoni!

Binti hajui haya yote. Bado anadhani sijui kitu. Nasikia kandambili zake.

Kafika. Kamshika mtoto kifuani, kasimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, ananiona nimelowa, nimevaa gauni la mama mkwe wake. Kaangalia ukuta, kaangalia jalani, vipande viwili. Kaniangalia mimi. Mdomo umemfunguka.

Nimemwambia, usiseme kitu. Vuta pumzi tu.

Kaja hatua moja. Ya pili. Simwangalii machoni, simwangalii hata mtoto. Naangalia pua ya binti.